Mepo kibete ya bustani: ya kumwagika, ya kusimama au ya kichuguu?

Chukua miche miwili ya mepo kibete (maple kwa Kiingereza), iweke ubavu kwa ubavu. Yote miwili inaishia magotini, yote ina majani mekundu, yote imeandikwa "kibete" kwenye kikaratasi kilichofungwa shinani. Baada ya miaka ishirini, mmoja utakuwa mwavuli mkubwa uliolazwa ardhini, upana wa mita tatu, umeimeza njia uliyoipanga kwa mawe. Wa pili utakuwa umesimama wima kwenye kona yake, kimo cha mtu mzima, haujamsumbua yeyote. Siku ya kununua tofauti hiyo haionekani. Ndiyo maana wengi huchagua mepo kwa rangi ya jani, kisha wakashinda miaka kumi wakipigana nayo kwa mkasi.

Mimi nasema rangi ije mwisho. Tangulia na umbo, fuatisha mahali utakapoipanda, halafu ndipo uulize kama unataka nyekundu au kijani.

Kibete maana yake nini

Mepo ninayoizungumzia ni ya Kijapani, jina lake la kitaalamu Acer palmatum, mti wa asili ya Japani, Korea na China. Carl Peter Thunberg, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyefika Japani katika karne ya 18, ndiye aliyeupa jina la palmatum, kwa kuwa jani lake limekaa kama kiganja kilichokunjuliwa vidole. Wajapani walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo kwa namna yao: jina lao moja la mepo, kaede, limetokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Mti wa kwanza ulifika Uingereza mwaka 1820. Leo aina zilizochaguliwa na kupewa majina zimepita 1,000, na kila mwaka zinazaliwa nyingine.

Mti wa porini hufika mita 6 hadi 10. Mepo kibete haiachi kukua. Inakua polepole tu. Ipo inayoongeza shibiri moja na nusu kwa mwaka ikiwa changa, na ipo isiyozidi upana wa vidole vitatu. Kikaratasi kikisema "mita 1.5", mara nyingi kinataja kimo cha mwaka wa kumi, na mwaka wa kumi na moja mti utaendelea na safari yake. Uliza pia upana. Muuzaji hukutajia urefu bila kuulizwa, lakini kwenye mepo kibete kinachokula bustani ni upana.

Lipo swali lingine linalotangulia yote. Mepo ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Inahitaji miezi kadhaa ya kulala, majani yote yakiwa yamepukutika, ndipo machipukizi yake yaamke kwa pamoja. Pasipo baridi ya kweli huchipua kwa kubahatisha, tawi hili leo, lile mwezi ujao, na hudhoofika mwaka hadi mwaka. Chungu cha sebuleni hakiliponyi tatizo hilo. Kama mahali ulipo hapana majira ya baridi, afadhali upende mepo kwa macho na upande mti mwingine. Upande wa pili, Acer palmatum iliyopandwa ardhini na kushika vizuri huvumilia baridi ya karibu nyuzi 28 chini ya sifuri. Penye baridi kali kuliko hiyo, mtazame ndugu yake wa Korea, Acer pseudosieboldianum, anayefanana naye kwa jani na rangi ila ni mgumu zaidi. Yeye si kibete, basi mpe nafasi.

Zinazomwagika

Hizi ndizo zinazokuja akilini mwa watu wakisikia mepo ya Kijapani. Jani limechanwachanwa hadi linafanana na unyoya, tawi linainuka kidogo, linapinda, kisha linamwagika chini kama maji yanayopita ukingo wa beseni. Kwenye vikaratasi utaona neno dissectum.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba mepo hizi hazina haja ya kupanda juu. Kimo chake huamuliwa zaidi na mtu wa kitalu, pale alipoubebesha mche, yaani alipounganisha kijiti cha aina hiyo juu ya shina la mepo nyingine. Uliobebeshwa karibu na ardhi utajijenga taratibu, tabaka juu ya tabaka, na miaka itapita kabla haujakufikia kiunoni. Uliobebeshwa juu ya shina la mita moja huanza maisha ukiwa tayari umesimama, ukamwaga matawi kuzunguka shina lake. Jina ni lilelile, jani ni lilelile, lakini kwa macho ni miti miwili tofauti. Ukiwa na ukuta mdogo wa mawe au kingo ya bwawa, chukua uliobebeshwa chini, uufundishe kushuka. Ukitaka mti wa kutazamwa kutoka dirishani, chukua uliobebeshwa juu, la sivyo utakaa muda mrefu ukitazama kichaka kilichojificha nyuma ya maua mengine.

Katika kundi hili, aina nne hukutana mara kwa mara. 'Crimson Queen' ni nyekundu iliyokolea, na sifa yake kubwa ni kuishika rangi hiyo hata majira ya joto, wakati ndugu zake wengi wameanza kugeuka shaba. Ikizeeka hufika mita 2 hadi 3 kwenda juu, na upana wake hupita hapo. 'Tamukeyama' ni ya zamani sana, imo katika maandishi ya Kijapani tangu 1710, na rangi yake inaelekea zambarau ya giza. Penye joto na unyevunyevu mwingi, hii ndiyo ningeichagua mbele ya zote, kwa kuwa imejulikana kwa miaka mingi kuwa mvumilivu wa hali hiyo. 'Inaba Shidare' ina jani pana kidogo na nguvu zaidi ya kwenda juu, kwa hiyo inamfaa asiye na subira, ila ndiyo itakayokuwa ya kwanza kulizidi eneo dogo. 'Viridis' ni jina linalobandikwa kwenye mepo za kijani za namna hii. Zinapendeza zaidi kwenye kivuli chepesi, na kabla ya majani kupukutika hugeuka dhahabu yenye madoa ya rangi ya chungwa.

Usidanganyike na 'Seiryu'. Ina jani la kuchanwa kama hizi, lakini inasimama wima na inapita mita 4. Ni mti mzuri mno, ila si kibete, na nimeona ikiuzwa katikati ya vibete kwa sababu tu jani linafanana.

Neno langu juu ya kundi hili: ni zuri kuliko yote kwa macho, na ndilo lenye tamaa ya ardhi kuliko yote. Usiipande yoyote kati ya hizi chini ya mita moja na nusu kutoka kwenye njia.

Zinazosimama

Hapa kuna mepo za watu wenye kona. 'Shaina' ilitokana na fundo la matawi yaliyosongamana, lile ambalo mara chache hujitokeza lenyewe juu ya mti wa kawaida, na mti wenyewe ulikuwa 'Bloodgood', mepo nyekundu maarufu inayokua kubwa. Mtoto huyu amerithi rangi ya mzazi bila kimo chake. Majani mapya hutoka mekundu yanayong'aa, yakikomaa yanakuwa na rangi ya damu ya mzee, na yanashonana hadi shina halionekani. Kwa miaka mingi hubaki kati ya mita moja na nusu na mbili. Haimwagiki wala haitambai. Pembeni ya mlango, au kwenye chungu kikubwa kibarazani, sijaona nyekundu inayotulia kuliko hii.

'Shishigashira', yaani kichwa cha simba, ni kitu kingine kabisa. Jani lake la kijani limekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, limejikusanya kwa vishungi kwenye ncha za matawi, na hapo ndipo jina lilipotoka. Inavumilia jua kuliko mepo nyingi, na hubadilisha rangi kwa kuchelewa, wakati nyingine zimekwisha kuvua, ikawaka dhahabu na wekundu. Hasara yake ni kwamba ukibete wake ni wa mwendo. Itakwenda polepole mpaka utaisahau, kisha siku moja utakuta imepita mita 3. Mwenye kupanda kwa ajili ya wajukuu aichukue bila wasiwasi. Mwenye mita moja ya ardhi chini ya dirisha aiache.

Nikiwekewa hizi mbili mbele, swali langu ni moja: mahali hapo panapata jua la alasiri? Kama ndiyo, 'Shishigashira'. Kama jua ni la asubuhi na nafasi ni ndogo, 'Shaina'.

Za kichuguu

Hili ni kundi linalopuuzwa, nami naliona ndilo lenye ukibete wa kweli. Miti hii haina tawi kuu linalotawala. Matawi yote yanagawana nguvu, vifundo, yaani mahali majani yanapotokea tawini, vinakaribiana, na mti unajifinyanga kama kichuguu cha majani. Kwa Kijapani mara nyingi majina yake yana neno yatsubusa.

'Mikawa Yatsubusa' ni ya kutazamwa kwa karibu. Majani yake ya kijani yamepangana moja juu ya jingine kama vigae vya paa, na machipukizi ya majira ya baridi ni manene, yamebanana kwenye vijiti vifupi kiasi kwamba mti unavutia hata ukiwa mtupu. Miaka kumi inaweza kuipa mita moja tu au zaidi kidogo. 'Sharp's Pygmy' ni ndogo zaidi kwa jani, mviringo, imeshonana, na mwishoni mwa msimu inaiva nyekundu ya chungwa. 'Kiyohime' ni pana kuliko ilivyo ndefu, mara mbili hivi, na majani yake machanga yana ukingo wa waridi. Mafundi wa bonsai, sanaa ya kufinyanga miti midogo chunguni, wanaipenda kwa umbo hilo.

Lakini 'Kiyohime' ina tabia moja unayopaswa kuijua kabla ya kuileta nyumbani: inaamka mapema mno. Nyingine zikiwa bado zimefumba, yenyewe imekwisha kufungua majani, na jalidi ya usiku mmoja inatosha kuyafanya yalegee na kuwa meusi kufikia saa nne asubuhi. Mti haufi kwa hilo. Hutoa majani mengine kutoka kwenye machipukizi ya akiba, ila umepoteza nguvu za mwaka mzima. Mahali ambapo jalidi hurudi baada ya siku chache za joto, ama uwe tayari kutoka jioni na shuka la kuifunika, ama uchague 'Sharp's Pygmy'.

Za kichuguu zina upungufu wake. Mwenye haraka hazimfai, kwa sababu mche wa miaka mitano bado unaonekana kama kitu cha kuchezea. Na mtu akisimama mbali hazioni. Zipande mahali pa kukaa, karibu na benchi, kando ya ngazi, au juu ya kitu kilichoinuka ili jani lije usawa wa macho.

Nyekundu au kijani

Sasa rangi. Wekundu wa jani la mepo unatokana na anthosiani, rangi ambayo jani huitengeneza likipata mwanga wa kutosha. Ndiyo maana mepo nyekundu iliyofichwa kwenye kivuli kizito inageuka kijani chenye kutu, na mwenye nayo anadhani ameuziwa aina nyingine. Jua nalo likizidi, hasa la alasiri, rangi inaungua na kufifia. Nyekundu inahitaji jua la asubuhi kwa muda wa masaa manne hivi, kisha kivuli chepesi. Ya kijani ni rahisi zaidi kuridhika: kivuli cha mti mrefu unaopenyeza mwanga kinaitosha, na si lazima uhesabu masaa.

Watu husahau kwamba nyekundu ni nyekundu tangu majira ya kuchipua, hivyo ikifika mwisho wa msimu mabadiliko yake ni hatua moja tu, kutoka giza kwenda kung'aa. Ya kijani hukupa misimu mitatu tofauti: kijani kibichi cha mwanzo, kijani kizito cha katikati, halafu moto. Siku za jua zikifuatiwa na usiku wa baridi isiyo ya kugandisha, moto huo unakuwa mkali zaidi. Nakiri upendeleo wangu: nikiruhusiwa mti mmoja tu, nachukua wa kijani. Lakini bustani ambayo tayari imejaa kijani kitupu inahitaji doa jekundu, na hapo sina ubishi.

Zipo pia zenye madoa meupe au ya waridi. Ni nzuri kwenye picha. Sehemu nyeupe ya jani haina uwezo wa kujitengenezea chakula, na ndiyo ya kwanza kuungua. Mtu anayeanza nazo anajitafutia huzuni.

Ardhini au kwenye chungu

Mepo kibete ni kati ya miti michache ambayo inaweza kuishi kwenye chungu kwa miongo kadhaa na bado ikapendeza. Hilo ni kweli. Kinachofichwa ni kwamba chungu kinabadilisha kazi yako kuwa ya kila siku.

Yangu ya kwanza ilikuwa 'Crimson Queen' kwenye chungu cheusi cha plastiki, juu ya sakafu ya mawe, mbele ya ukuta unaotazama magharibi. Niliichagua sehemu hiyo kwa kuwa asubuhi ilikuwa tulivu. Katikati ya majira ya joto nilianza kuona ncha za majani zimekuwa kahawia, kila kidole cha jani kimekauka kuanzia mwisho, kama njiti za kiberiti zilizowashwa na kuzimwa. Nikaongeza maji. Zikaongezeka. Siku moja jioni niliweka kiganja kwenye ubavu wa chungu, jua lilikuwa limekwisha kutua, na plastiki bado ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoteremshwa jikoni. Mizizi ilikuwa inapikwa. Niliihamishia upande wa mashariki, chini ya kivuli cha mti mrefu, nikakiingiza chungu kile ndani ya kingine kikubwa cha udongo ili hewa ipite katikati. Mwaka uliofuata iliamka bila alama.

Baridi nayo inapiga vilevile. Matawi yanayovumilia jalidi kali yana mizizi dhaifu kuliko yenyewe. Ardhini mizizi hiyo imefunikwa na dunia nzima, kwenye chungu inalindwa na ukuta wa vidole viwili. Kwa hiyo mepo ya chungu inahitaji aina inayovumilia baridi kuliko baridi ya mahali ulipo, au isogezwe kwenye banda lisilo na joto wakati wa majira ya baridi, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Usiiingize sebuleni, kwani utaivunjia usingizi wake.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwishoni mwa majira ya baridi kabla machipukizi hayajavimba, itoe chunguni, kata mizizi inayozunguka ukingoni, uirudishe kwa udongo mpya. Kwa sababu hiyo usinunue chungu chenye tumbo pana na shingo nyembamba, hata kikiwa kizuri namna gani. Siku ya kuutoa mti utalazimika kukivunja, au kuiumiza mizizi. Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji haraka: gome la msonobari lililosagwa, changarawe nyepesi za pamisi au perlaiti, na mboji kidogo. Udongo wa bustani peke yake hushikamana chunguni na kuikosesha mizizi hewa.

Na maji yenyewe yana neno. Mepo inachukia chumvi. Maji magumu au yenye chumvi nyingi huacha mabaki kwenye chungu, na dalili yake inafanana kabisa na ya jua: ncha kuungua. Ukiweza kukinga maji ya mvua kwa ajili yake, fanya hivyo. Udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5, unaipendeza, ukipanda juu ya hapo majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, ishara kwamba mti unashindwa kuchukua chuma.

Ardhini, baada ya miaka miwili ya kwanza ya kumwagiliwa kwa uaminifu, kazi inapungua sana. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Basi, kwa mtu mwenye chaguo lote mbili, ushauri wangu ni huu: zinazomwagika zipeleke ardhini, za kichuguu ziweke chunguni, na 'Shaina' inakubali popote. Mwenye kusafiri mara kwa mara asihangaike na chungu hata kidogo.

Kuukagua mche

Karibu mepo zote zenye majina zimebebeshwa juu ya shina la mepo ya kawaida ya kijani. Piga goti, tafuta kovu la kuungana. Liwe limejaza vizuri, bila ufa na bila uvimbe uliopitiliza. Chochote kinachochipua chini ya kovu hilo ni cha shina la chini. Kina nguvu kuliko aina uliyoinunua, na ukikiacha kitaimeza. Kivunje kikiwa bado laini.

Kisha chokonoa udongo juu ya chungu kwa kidole mpaka uone pale shina linapotanuka kuwa mizizi. Mara nyingi pamezikwa. Mti ukipandwa na kiuno chake chini ya udongo hautakufa mwaka huu wala mwakani. Utadumaa, gome litaanza kuoza, na mizizi itapanda juu na kulizunguka shina kama kamba. Pale panapotanuka pawe usawa wa ardhi, au juu kidogo udongo ukiwa mzito.

Mche mdogo au mkubwa? Kwa zinazomwagika na zinazosimama, mdogo hushika haraka na kumfikia mkubwa bila kelele. Kwa za kichuguu nageuza maneno yangu: nunua mkubwa kadiri unavyoweza, kwa sababu unachokinunua pale ni miaka.

Mkasi na mbolea

Zinazomwagika zinahitaji mkasi kuliko zote. Ingia chini ya mwavuli, toa vijiti vilivyokufa, punguza matawi yanayopandana hadi mwanga upenye na shina lililopinda lionekane. Usizinyoe juu kama ua la uzio. Unyoaji huzaa ufagio wa vijiti vifupi na kuua umbo. Machipukizi ya mepo hukaa mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo kata juu kidogo ya jozi. Wakati mzuri ni katikati ya majira ya joto, au baada ya majani kupukutika mpaka katikati ya baridi. Ukikata utomvu unapoanza kupanda, jeraha litatiririka siku nyingi.

'Shaina' na za kichuguu hutaka kusafishwa ndani tu, basi. Majani makavu hujikusanya katikati yake na kuhifadhi unyevu. Yapukute kwa mkono.

Mbolea iwe kidogo, ya kuyeyuka polepole, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na baada ya katikati ya majira ya joto usitie tena. Naitrojeni nyingi inauharibu ukibete wenyewe: matawi yanarefuka, vifundo vinaachana, na yale machanga yanakutwa na jalidi yakiwa bado laini.

Kuhusu magonjwa, hakuna umbo lenye kinga kuliko jingine. Vidukari kwenye majani machanga huondoka kwa maji ya mpira. Kitu cha kuogopa ni mnyauko unaoletwa na kuvu la vetisilia, linaloishi udongoni: tawi moja zima linanyauka ghafla wakati mengine yana afya, na ukilikata unaona michirizi ya giza ndani ya mti. Hauna dawa. Usipande mepo nyingine palipokufa ya kwanza kwa namna hiyo.

Ukishafikia aina mbili na moyo bado unasita, usiamue msimu wa rangi, wakati kila mepo ni malkia. Nenda kuziona majani yakiwa yamekwisha. Inayomwagika utaikuta imebaki na mifupa iliyopindapinda, ikivutia zaidi theluji ikikaa juu yake. 'Shaina' itakuwa fungu la vijiti vya wima. 'Mikawa Yatsubusa' itakuwa imejaa machipukizi mekundu manene, yamebanana ncha kwa ncha. Hivyo ndivyo utakavyouona mti wako karibu nusu ya mwaka, kila mwaka, ukipita kwenda getini.